Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni talanta ngapi?

Swali la msomaji: "Nafundisha watoto wa shule ya Jumapili. Nataka kubadili uzito wa vitu wanavyovijua uwe wa vipimo vya Biblia, talanta, mina, shekeli na gera: mfuko wa saruji wa kilo 50, pakiti ya sukari ya kilo 1, pete ya dhahabu ya gramu 4. Nimejaribu vikokotoo vitatu vya mtandaoni kwa ule mfuko wa saruji. Kimoja kimenipa talanta 1.46, cha pili 1.67, cha tatu 0.83. Kipi ni sahihi, na nifanyeje mwenyewe bila kuvitegemea?"

Ndugu yangu, vikokotoo vyote vitatu vimegawanya vizuri. Tatizo ni kwamba kila kimoja kimetumia talanta yake. Cha kwanza kimegawa 50 kwa 34.2, yaani talanta ya shekeli 3,000, kila shekeli ikiwa gramu 11.4. Hiyo ni talanta ya Yuda. Cha pili kimegawa kwa 30, ambayo ni talanta nyepesi ya Babeli. Cha tatu kimegawa kwa 60, talanta nzito ya huko huko Mesopotamia, mara mbili ya ile nyepesi. Talanta hizo mbili zilitumika kweli: kuna mawe ya mizani ya shaba yenye umbo la simba yaliyochimbuliwa Nimrud, nchini Iraki, ambayo leo yamo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, na kati ya mawe hayo utakuta mina (mina 60 hufanya talanta) ya karibu nusu kilo na mina ya karibu kilo nzima. Kwa hiyo kabla ya kugusa kikokotoo jiulize kwanza: uzani wa nani, na wa lini? Wewe unafundisha habari za Musa, Daudi, Yeremia, watu wa Israeli na Yuda kabla ya uhamisho wa Babeli. Basi uzani wako ni wa Yuda, na jibu la kwanza ndilo lililo karibu na ukweli, ingawa hizo desimali zake mbili ni za kujidai tu, kama nitakavyoonyesha.

Anza na shekeli, usianze na talanta. Talanta ni jina la jumla ya shekeli nyingi. Shekeli ndiyo jiwe lililokuwa mkononi mwa mpimaji. Tena jina lenyewe linasema hivyo: katika Kiebrania, shakal ni kupima uzito, na ni shina lile lile lililotupa sisi mithkali na thakili kupitia Kiarabu. Mawe hayo hayakubaki maandishini tu. Yamechimbuliwa kwa mamia Yerusalemu, Lakishi na miji mingine ya Yuda, mengi yakiwa ya kati ya mwisho wa karne ya 8 na mwanzo wa karne ya 6 KK, yaani tangu enzi za mfalme Hezekia mpaka Yerusalemu ilipoangushwa. Ni mawe ya chokaa yaliyosuguliwa vizuri, mviringo juu kama kuba na bapa chini ili yasibingirike, na juu yake imechongwa alama kama kitanzi chenye ncha mbili zilizofunguka, pamoja na tarakimu. Mwanaakiolojia Raz Kletter, aliyeyakusanya na kuyalinganisha katika kitabu chake cha mwaka 1998, alipata wastani wa karibu gramu 11.33 kwa shekeli moja. Hiyo ndiyo namba ya kutumia. Jedwali linalosema 11.4 liko karibu sana na namba hiyo, halikukosea.

Sisi Waswahili hapa tumebahatika. Muuza duka wetu huita vyuma vyake vya kupimia mawe ya mizani, hata kama havina jiwe lolote ndani yake. Waebrania walifanya vivyo hivyo: uzani waliuita even, jiwe. Kumbukumbu la Torati 25:13 inapomkataza mtu kuwa na jiwe na jiwe ndani ya mfuko wake, kubwa na dogo, mtoto wa Kariakoo anaelewa papo hapo kwamba ni mawe mawili ya mizani, moja la kununulia na jingine la kuuzia.

Sasa ngazi yenyewe. Kupanda kutoka shekeli hadi talanta kunathibitishwa na Biblia yenyewe, kwa hesabu ambayo watoto wakubwa wanaweza kuifanya ubaoni. Kutoka 38:25-26 inasema wanaume 603,550 walihesabiwa, kila mmoja akatoa beka, yaani nusu shekeli, na jumla ikawa talanta 100 na shekeli 1,775. Gawanya 603,550 kwa mbili: unapata shekeli 301,775. Toa 1,775: zinabaki 300,000. Hizo ndizo talanta 100. Kwa hiyo talanta moja ni shekeli 3,000, na hapo hakuna nafasi ya kubishana. Zidisha 3,000 kwa gramu 11.33 upate gramu 33,990, yaani kilo 34 kamili kwa matumizi yote ya kawaida.

Tuupime mfuko wako wa saruji. Geuza kilo kuwa gramu: 50,000. Gawa kwa 11.33: shekeli 4,413.06. Toa 3,000 za talanta ya kwanza: zinabaki 1,413.06. Ukitaka kupitia mina, ambayo ni shekeli 50, gawa 1,413 kwa 50: mina 28, zinabaki shekeli 13. Ile 0.06 iliyobaki zidisha kwa 20, maana shekeli ni gera 20: gera 1 na kidogo. Kwa hiyo kwenye karatasi mfuko ni talanta 1, mina 28, shekeli 13 na gera 1.

Sasa futa hizo gera, na hizo shekeli 13 zitazame kwa shaka. Rudia hesabu ukianza na kilo 34 kamili kwa talanta, yaani shekeli ya gramu 11.333 badala ya 11.33. Unapata shekeli 4,411.76, na mabaki yako yamekuwa shekeli 11 na gera 15. Umebadili desimali ya tatu tu, na zaidi ya shekeli nzima imepotea. Ukitumia 11.4 unapata shekeli 4,386, na hapo umepoteza zaidi ya nusu mina. Mawe yenyewe yaliyochimbuliwa hayalingani mpaka desimali ya tatu. Jiwe moja la shekeli 2 lililopatikana karibu na Ukuta wa Magharibi, Yerusalemu, na kutangazwa mwaka 2020, lina gramu 23, yaani gramu 11.5 kwa shekeli. Mpimaji wa zamani hakuwa na usahihi huo unaouandika. Kwa mzigo wa kilo nyingi, ishia kwenye mina au kwenye makumi ya shekeli. Sema "talanta 1 na mina 28 hivi" na umesema kweli. Ukisema "talanta 1.4619883" umewadanganya watoto.

Jambo jingine linalofaa kwa darasa: Torati haipiti hivyo kwenye mina. Inapotaja mizigo mikubwa hushuka moja kwa moja kutoka talanta hadi shekeli. Dhahabu ya hema ni talanta 29 na shekeli 730. Shaba ni talanta 70 na shekeli 2,400. Mina haimo kabisa katika orodha hizo. Utaikuta 1 Wafalme 10:17, Ezra 2:69, Nehemia 7 na Ezekieli 45:12, na vitabu hivyo vilikamilika wakati wa uhamisho au baada yake, Babeli ikiwa imeshaacha alama zake. Kwa hiyo ukitaka mfuko wa saruji uandikwe kama mwandishi wa Kutoka angeuandika, sema: talanta moja na shekeli elfu moja na mia nne na kidogo. Kwa masikio yangu hiyo ndiyo inayosikika Kiebrania.

Kwa kichwa, bila kikokotoo, kuna njia za mkato. Kilo kwenda talanta: gawa kwa 34. Gramu kwenda shekeli: zidisha kwa 3, kisha gawa kwa 34, kwa sababu 34 gawa kwa 3 ni 11.33. Kilo moja ni shekeli 88. Hivyo pakiti yako ya sukari ni shekeli 88 na gera 5. Kwa mina ni mina 1, shekeli 38.

Na kama kuna mzee katika usharika wako aliyezoea vipimo vya zamani vya pwani, mwite darasani, maana mizani yake inaoana na ya Yuda kwa namna ya kushangaza. Ratili moja ni gramu 453.6. Gawa kwa 11.33: shekeli 40, karibu kamili. Tena shekeli 40 lilikuwa miongoni mwa mawe makubwa katika seti ya Yuda. Talanta basi ni ratili 75. Frasila ya Zanzibar, ratili 35, ni shekeli 1,400, yaani mina 28. Unaona sasa mfuko wa saruji ulivyo: talanta moja juu ya frasila moja. Na tola ya masonara, gramu 11.66, inaizidi shekeli kwa theluthi moja tu ya gramu; ukimwambia sonara wa Forodhani au wa Dubai kwamba Ibrahimu alimpimia Efroni tola 400 za fedha kwa shamba la Makpela, umekosea kwa chini ya asilimia 3. Ulingano huu wote ni wa bahati, vipimo havikuzaliana, lakini kwa mtu anayetaka kuushika uzito kichwani ni msaada mkubwa.

Chini ya shekeli ndiko watu wanakojikwaa, na hapa nitakaa kidogo.

Beka ni nusu ya shekeli. Jina limetoka kwenye neno la kupasua. Kwa hesabu ni gramu 5.67. Lakini mawe yaliyoandikwa beka yana wastani wa karibu gramu 6, yanazidi kidogo. Pim ni theluthi mbili za shekeli: kwa hesabu gramu 7.55, kwa mawe karibu 7.8. Neno hilo pim lina historia yake. Limo mara moja tu katika Biblia, 1 Samweli 13:21, palipo na habari za Waisraeli kwenda kwa Wafilisti kunoa majembe yao. Watafsiri wa zamani hawakujua maana yake wakabahatisha. Tafsiri ya Kiingereza ya King James iliweka tupa, yaani kifaa cha kunolea. Mawe yenye neno hilo yalipochimbuliwa ndipo ikaeleweka kwamba ni bei: kunoa jembe kuligharimu pim moja ya fedha. Sasa kama tafsiri unayotumia darasani bado ina tupa, waeleze watoto sababu. Kuna na jiwe la tatu, nezef, la gramu 9.6 hivi, ambalo Biblia haikulitaja kabisa. Usiliweke kwenye jedwali la watoto, ila ulijue, kwa sababu litatusaidia muda si mrefu.

Gera ni punje. Kutoka 30:13 inasema wazi kwamba shekeli ya mahali patakatifu ni gera 20. Gawa 11.33 kwa 20: gramu 0.57. Pete yako ya gramu 4 inakuwa gera 7, karibu bila mabaki, na hilo ndilo jibu la kufundishia.

Ila mawe yanasema jambo lingine. Mawe madogo ya gera yanaelekeza kwenye gera ndogo zaidi, ambazo 24 ndizo zinazotimiza shekeli ya gramu 11.33. Hapo gera ni gramu 0.47. Kuna jiwe dogo la gera 2 lililopatikana Yerusalemu, likatangazwa mwaka 2021, ambalo lilitarajiwa lisifike gramu 1 lakini lina karibu gramu 3.6. Watafiti waliona ni jiwe la mlaghai, ndilo hasa lile ambalo Torati ilikataza na ambalo Amosi alilipigia kelele aliposema wafanyabiashara wanaipunguza efa na kuiongeza shekeli. Fikiria mwuzaji anavyolitumia: anadai fedha ya gera 2, anaweka jiwe hili kwenye kitanga, na mnunuzi anajaza kitanga cha pili kwa fedha mara tatu na zaidi ya deni lake.

Je, 20 na 24 zinapatanaje? Chukua gera ndogo ya 0.47 uizidishe kwa 20: unapata gramu 9.4, jirani kabisa na lile jiwe la nezef. Ndiyo maana wapo wataalamu wanaoona kwamba shekeli ya mahali patakatifu ilikuwa nyepesi kuliko ya sokoni, tano kwa sita yake. Vitabu vya zamani vilidai kinyume, kwamba shekeli takatifu ilikuwa nzito, hata mara mbili, na vikokotoo kadhaa bado vinabeba dai hilo. Kutoka haisemi mara mbili popote. Inataja gera 20 tu. Ushauri wangu: kwa darasa tumia gera 20 na gramu 11.33, uandike pembeni kwamba gera ni "zaidi kidogo ya nusu gramu". Ukiandaa maonyesho ya watu wazima, weka safu mbili, gera 20 na gera 24, uziache wazi. Kosa ni kuchanganya: kuchukua gera ya 0.57 na kuzidisha kwa 24, ukapata shekeli ya gramu 13.6 ambayo hakuna jiwe la Yuda linaloithibitisha.

Kosa la aina hiyo hiyo ndilo linaloharibu mina. Babeli ilihesabu kwa sitini: shekeli 60 kwa mina, mina 60 kwa talanta, jumla shekeli 3,600, lakini shekeli yao ilikuwa nyepesi, karibu gramu 8.3. Yuda, kama Ugariti, mji wa kale wa Siria ulioitangulia, ilikuwa na shekeli 3,000 kwa talanta. Ukizigawa kwa mina 60 unapata mina ya shekeli 50, gramu 567. Mtu akichukua shekeli nzito ya Yuda, akaizidisha kwa 3,600 za Babeli, anapata talanta ya kilo 40.8. Talanta hiyo si ya Yuda wala ya Babeli, lakini nimeiona imeandikwa kwenye majedwali kama kitu cha kawaida. Ukiona talanta ya kilo 40 au 41, jua mifumo miwili imefungishwa ndoa kwa nguvu.

Ezekieli 45:12 katika Kiebrania inajumlisha shekeli 20, 25 na 15 kuwa mina moja, yaani 60. Nabii alikuwa uhamishoni Babeli, na mina ya 60 haishangazi hapo. Nakala moja ya kale ya tafsiri ya Kiyunani inasoma 50 mahali hapo hapo. Kuna na ngao za Sulemani: 1 Wafalme 10:17 inasema mina 3 za dhahabu kwa kila ngao, 2 Mambo ya Nyakati 9:16 inasema shekeli 300, kana kwamba mina ni 100. Usijenge jedwali lako juu ya mstari huo mmoja. Kwa kipindi cha wafalme tumia 50; kwa Ezekieli tumia 60 na ueleze kwa nini. Au, kama nilivyosema, iruke mina kabisa.

Kabla hujabadili kitu chochote, uliza pia kama kilikuwa kitu cha kupimwa kwa mizani. Fedha, dhahabu, shaba, chuma, manukato makavu: ndiyo. Nafaka, unga, mafuta, divai: hapana, hivyo vilipimwa kwa vyombo, efa, sea, hini, bathi, kama bibi zetu walivyopima kwa pishi na kibaba. 2 Wafalme 7:1 inaweka yote mawili katika sentensi moja: sea ya unga kwa shekeli. Unga kwa chombo, fedha kwa jiwe. Hivyo kilo 2 za unga wa sembe ukizigeuza kuwa shekeli 176, hesabu ni sahihi lakini hakuna mwanamke wa Yerusalemu ambaye angekuelewa.

Isipokuwa katika njaa. Ezekieli 4:10 anaamriwa ale chakula kwa uzani, shekeli 20 kwa siku. Ishirini mara 11.33 ni gramu 227. Weka mezani mbele ya watoto mkate wa gramu 227 na uwaambie ndio wa siku nzima. Mkate kupimwa kwa mizani ndiyo dalili ya mji uliozingirwa; Walawi 26:26 inalitaja kama laana. Msomaji asiyejua kwamba mkate haukupimwa hivyo kwa kawaida, mstari huo unampita tu.

Mafuta ya upako ya Kutoka 30:23-24 ni mfano mzuri wa kuchanganya vipimo bila kukosea. Manemane shekeli 500, mdalasini 250, miwa yenye harufu nzuri 250, kida 500. Hizo geuza: kilo 5.67, 2.83, 2.83, 5.67, jumla kilo 17. Kisha mafuta ya zeituni hini moja. Hiyo iache, ni ujazo, na ukiigeuza kwa shekeli umeharibu kila kitu.

Ukimaliza jedwali lako, lijaribu kwa kurudi nyuma. Dirii ya Goliathi, shekeli 5,000 za shaba, itoe kilo 56.65. Ncha ya mkuki wake, shekeli 600 za chuma, kilo 6.8. Kipande cha dhahabu cha Akani, shekeli 50, gramu 567. Fedha aliyoipima Yeremia kulipia shamba la Anathothi, shekeli 17, gramu 193. Namba zako zikitofautiana na hizi kwa zaidi ya asilimia 2 au 3, tafuta umekosea wapi. Na angalia tafsiri unayosoma: baadhi ya tafsiri za Kiswahili cha leo zimeshageuza shekeli kuwa kilo au gramu ndani ya maandiko yenyewe, na zimezungusha kwa namna zao. Usizigeuze tena kurudi shekeli. Chukua namba kwenye tafsiri inayotaja shekeli.

Agano Jipya ni dunia nyingine, kwa hiyo nitapita haraka. Talanta za Mathayo 18 na 25 ni za Kiyunani, drakma 6,000, na kwa kipimo cha Athene ni kilo 26 hivi. Tena pale ni kiasi cha fedha, hazikukusudiwa kupimwa. Ratili ya nardo katika Yohana 12:3 ni ile ya Kirumi, gramu 327 hivi, siyo ratili ya pwani yetu. Na shekeli iliyolipiwa kodi ya hekalu zamani za Yesu ilikuwa sarafu ya Tiro ya gramu 14 hivi. Ndiyo inayofanya majedwali mengine yaseme shekeli ni gramu 14. Ni kweli, lakini kwa karne hiyo tu. Usimpimie Daudi kwa sarafu ya Tiro.

Kwa kuwa ni watoto, nakushauri utengeneze mawe yenyewe. Seti ya Yuda ilipanda hivi: shekeli 1, 2, 4, 8, halafu 16, 24 na 40. Matano ya kwanza (1, 2, 4, 8, 16) yanatosha kupima shekeli yoyote kuanzia 1 hadi 31. Uzito wake ni gramu 11.33, 22.66, 45.32, 90.64 na 181.28. Lile la 8 lina sababu yake: linalingana na debeni ya Misri, gramu 91, hivyo mfanyabiashara wa Yuda aliweza kufanya biashara na Mmisri bila kubadili mizani.

Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima haitoshi kwa jiwe la shekeli 1. Ikikosea nusu gramu umeshapoteza karibu gera nzima. Tafuta mizani ndogo ya sonara inayosoma gramu 0.01. Chukua kipande cha jiwe la chokaa au cha tofali gumu, kikubwa kidogo kuliko unavyotaka, gramu 13 au 14 kwa shekeli moja. Jiwe la chokaa la shekeli moja lina upana wa karibu sentimita 2 tu, kama gololi kubwa. Lisugue kwenye sakafu ya saruji yenye maji mpaka lipate umbo la kuba, kisha malizia kwa msasa. Usikimbilie gramu 11.33 jiwe likiwa limelowa: chokaa hunywa maji, na ukishalikausha utalikuta limepungua chini ya kipimo, na jiwe lililopungua halirudi. Likaushe juani siku nzima, lipime, ndipo upunguze kidogo kidogo upande wa chini ulio bapa, mahali ambapo hapaonekani. Mafundi wa Yuda walifanya hivyo hivyo. Baadhi ya mawe yao yana makovu ya patasi chini, palipokwanguliwa ili uzito utimie.

Ukimaliza, andika juu yake kwa msumari. Na kama mtoto ataandika herufi kinyumenyume, usimkemee haraka. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba jiwe la beka limepatikana katika udongo uliotolewa chini ya Ukuta wa Magharibi, na neno beka lilikuwa limechongwa kinyume, kama linavyosomeka kwenye kioo. Mchongaji wake huenda alikuwa fundi wa mihuri, aliyezoea kuchonga kila kitu kwa kugeuza.